Mwanangu alimuuliza mfiwa nani atalipa kodi

Dada mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga. Nakuandikia kuhusu mwanangu wa pili, ana miaka 11, yuko darasa la tano. Alipokuwa na miaka 6 tulimpeleka Dar es Salaam kwa daktari wa watoto, tukaambiwa ana usonji. Anaongea vizuri, tena anaongea sana akimpata wa kumsikiliza. Hesabu hazimsumbui. Mjomba wake ni mvuvi, na tangu amfundishe habari za bamvua na maji mafu, mwanangu anaweza kukuambia kesho maji yatakupwa saa ngapi. Wavuvi wa mtaani kwetu wanamjua kwa hilo, wanamwita wamuulize.

Shida yake ni watu. Mwezi uliopita jirani yetu alifiwa na mumewe. Nilikwenda msibani na mwanangu kwa sababu sikuwa na wa kumwachia. Tukaingia, nikampa mfiwa mkono, nikaketi mkekani. Yeye hakuketi. Alisimama mbele ya yule mama, akamuuliza kwa sauti yake ya kawaida kabisa: "Sasa kodi ya nyumba atalipa nani?" Ukumbi mzima ukanyamaza. Mfiwa akaangua kilio upya. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, akasema kila mtu akisikia: "Huyu mtoto hana moyo. Kazaliwa hivyo, mtachoka bure." Nikamshika mkono mwanangu tukatoka, na njia nzima sikusema naye. Usiku ule hakula. Alikaa sakafuni akipanga visoda vyake kwa rangi, anavichanganya, anavipanga tena, mpaka nikamzimia taa. Nilipomuuliza anajisikiaje, alisema, "Sijui."

Si mara ya kwanza. Jirani akiwa anakula nje akimwambia "karibu", mwanangu ananawa mikono anakaa. Siku ya Idi wifi yangu huyo huyo alikuja amejitanda kanga iliyoandikwa "Hasidi hana sababu". Mwanangu akaisoma kwa sauti mbele ya wageni, kisha akauliza, "Shangazi, hasidi ni nani humu ndani?" Dada, kulikuwa na mtu aliyekusudiwa, na alikuwa amekaa pale pale.

Mume wangu anasema nimemdekeza. Kwake dawa ni bakora, au kukiwa na shughuli mtoto abaki nyumbani. Mama mmoja wa shuleni kwao ameniambia kuna mahali wanafundisha watoto kusoma nyuso kwa kompyuta: wanaonyeshwa picha za watu wenye furaha, hasira, huzuni, wanataja. Ada ya miezi mitatu itanilazimu kukopa kwenye kikoba. Na mwezi ujao mdogo wangu anaolewa. Ndugu wameshaanza kuniuliza kama nitakwenda naye.

Nijibu kwa ukweli, hata kama unauma. Mwanangu hana huruma? Na mtoto wa namna hii anaweza kufundishwa kujua mwenzake anafikiri nini?

Mama mwenye mawazo, Tanga

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa siku ile, na pole zaidi kwa lile neno la wifi yako, maana naona limekuingia kuliko ulivyoandika.

Nianze na swali la huruma, kwa sababu nahisi hilo ndilo linalokunyima usingizi. Hebu lirudie lile swali la mwanao polepole. Mtoto wa miaka 11 anaingia kwenye nyumba ya msiba. Anamtazama mama aliyeketi mkekani. Anakumbuka kwamba aliyekuwa akilipa kodi ndiye aliyezikwa. Anaona mbele: mwezi utaisha, mwenye nyumba atabisha hodi, na mama huyu hana cha kumpa. Watu wazima waliokuwa mle ndani, ni wangapi walikuwa wameshafika huko? Wengine watafika huko baada ya arobaini, familia ikikaa kikao. Mimi sikuwapo, na yeye mwenyewe ndiye wa kukuthibitishia alichokuwa nacho kichwani. Nitakueleza namna ya kumuuliza. Lakini swali lile halinisikiki kama la mtoto asiye na moyo. Linanisikika kama la mtu aliyejiweka mahali pa mfiwa, akaogopa kwa niaba yake, asijue kwamba siku ile, mbele ya umati ule, mfiwa hawezi kuubeba wasiwasi huo. Na baada ya hapo akashindwa kula.

Kuna mambo mawili ambayo wifi yako ameyachanganya, na hayuko peke yake. La kwanza ni kung'amua mwenzako ana nini kichwani. La pili ni kuguswa na hali yake. Tapeli hodari analijua sana la kwanza: anajua unataka nini, unaogopa nini, utaamini nini. La pili hana. Watu wengi wenye usonji wako kinyume chake. Wanaguswa, wengine hata kupita kiasi, ila kung'amua kwa haraka kilichofichwa nyuma ya uso au nyuma ya maneno ndiko kunakowachelewesha.

Nakuambia mchanganyo huo ulipata nguvu wapi. Mwaka 1985 watafiti watatu wa London, Simon Baron-Cohen, Alan Leslie na Uta Frith, walichapisha jaribio ambalo hadi leo linafundishwa vyuoni. Wanasesere wawili, Sally na Anne. Sally anaweka gololi yake kwenye kikapu, anatoka. Anne anaihamishia kwenye boksi. Sally akirudi ataitafuta wapi? Jibu ni kwenye kikapu, kwa sababu Sally hakuona ikihamishwa. Kati ya watoto 20 wenye usonji, 16 walisema kwenye boksi, yaani mahali wao wenyewe walipojua gololi ipo. Watoto 14 wenye hali ya Down, ambayo mtu huzaliwa nayo na humchelewesha kujifunza, walipoulizwa, 12 walijibu sawasawa. Kwa hiyo ikaonekana ugumu huu ni wa aina yake, hautokani tu na mtoto kuchelewa kimasomo.

Ni ugunduzi mkubwa na ninauheshimu. Lakini habari ilipokuwa ikipita mdomo kwa mdomo, ikabadilika. Ilianza kama "anapata shida kujua mwenzake anaamini nini", ikaishia "hajali wenzake". Jaribio lile halikupima kujali hata kidogo. Tena watoto 4 walifaulu, na baadaye imeonekana wengi wenye usonji hufaulu wanapokua na lugha yao ikikomaa. Mwanao ukimfanyia leo kwa visoda viwili na vikombe, huenda akakujibu sawasawa huku akishangaa kwa nini unamuuliza jambo rahisi. Msibani hakuna mtu anayekupa muda wa kufikiri namna hiyo.

Kisha lipo jambo ambalo natamani wifi yako alisikie. Mwaka 2012 Damian Milton, msomi wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji na ana mtoto mwenye usonji, aliandika kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili. Mwenye usonji anashindwa kumsoma asiye na usonji, na asiye na usonji naye anashindwa kumsoma mwenzake, ila lawama inawekwa upande mmoja tu. Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walilipima jambo hilo kwa watu wazima 72. Waliwapanga kwa misururu ya watu wanane wanane, wa kwanza akasimuliwa hadithi, akampa wa pili, wa pili akampa wa tatu, hadi mwisho. Misururu ya wenye usonji watupu ilifikisha habari sawasawa na misururu ya wasio na usonji watupu. Habari ilipotea zaidi pale walipochanganywa.

Sasa rudi msibani. Mwanao alishindwa kujua mfiwa anahisi nini. Wifi yako naye alishindwa kujua mwanao anahisi nini, akakata hukumu palepale, na hakuna aliyesema wifi hana moyo. Siandiki hivi ili ukagombane naye. Naandika kwa sababu mtoto wako amezungukwa na watu wazima ambao wote wanangoja yeye ndiye awaelewe.

Na sisi watu wa pwani tuna mzigo wetu katika hili. Mazungumzo yetu yamejaa mambo yasiyosemwa. Tunamkaribisha mpita njia chakula tukijua atasema ahsante apite. Tunasema "nitakuja, inshallah" na anayesikia anapima kwa sauti kama tutakuja kweli au la. Kanga tunainunua ili iseme yale ambayo mdomo hautaki kuyasema. Watoto wengine hawafundishwi haya. Wanayaokota wenyewe barazani na jikoni. Mwanao haokoti. Na kwa kuwa wengine wanaokota, sote tunadhani hakuna cha kufundisha, kisha tunamwadhibu kwa kutojua jambo ambalo hakuna aliyewahi kumweleza.

Lakini mweleze uone. Hajawahi kuuona mwezi ukiyavuta maji ya bahari, hata mjomba wake hajauona. Aliambiwa, akapewa sababu, akafuatilia siku baada ya siku, na leo wavuvi wanamuuliza. Vilivyofichika ndani ya watu anaweza kujifunza kwa njia hiyo hiyo, kwa kupewa sababu. Hatakuwa na kasi ya dada yake au kaka yake, na huenda maisha yake yote akabaki mtu wa kukokotoa wakati wengine wanahisi tu. Inatosha kabisa kuishi na watu.

Chukua hilo la "karibu". Usimwambie "usiwe mlafi", kwa kuwa yeye ametii alichoambiwa. Mwambie: mtu akisema karibu mara moja huku anaendelea kula, anakuonyesha kwamba amekuona na anakuheshimu, na jibu lake ni "ahsante, starehe". Akirudia, akasogea kukupa nafasi, akakuletea maji ya kunawa, hapo anataka ukae ule. Mfanye mazoezi nyumbani mara nyingi, ukicheza jirani wa namna ya kwanza na wa namna ya pili. Atapenda, kwa sababu lina kanuni.

La kanga ni gumu zaidi, maana hata sisi wakubwa tunagombana juu yake. Hapo ninakushauri mwekeane kitu kinachoitwa swali la nyumbani. Swali lolote linalohusu mtu aliyepo, kama mwili wake, nguo yake, fedha zake au ugomvi wake, analinong'oneza sikioni mwako au analitunza mpaka mfike nyumbani. Hukumkataza kuuliza. Umemwambia pa kuulizia. Ila nawe uwe mkweli wa ahadi: siku hiyo hiyo umjibu, na umjibu ukweli. Ukimzungusha mara mbili tu, ya tatu ataiuliza barazani.

Msiba wenyewe uzungumzeni kwa kuchora. Njia hii ilianzishwa na Carol Gray, mwalimu wa Michigan, Marekani, mwaka 1994, na inahitaji daftari na kalamu za rangi tu. Keti ubavuni mwake, msitazamane uso kwa uso. Choreni mkeka, mama aliyeketi, na yeye amesimama. Watu wa mistari wanatosha. Mdomoni kwake chora puto, ndani yake andika maneno aliyoyasema. Juu ya kichwa chake chora wingu, kama la kwenye katuni, umuulize, "Hapa ulikuwa unafikiri nini?" Halafu nyamaza. Hapo ndipo wazazi wengi wanapoharibu, kimya kikizidi tunajaza wenyewe. Mpe muda. Atakachosema kiandike vilevile, hata kama hakikupendezi. Akisema "Nilifikiri watafukuzwa", andika: nilifikiri watafukuzwa.

Wingu lake litangulie kujazwa. Hili nalisisitiza, kwa sababu mtoto ambaye kila siku anaulizwa wengine wanahisi nini, na yeye haulizwi, anajifunza kwamba ya kwake hayana hesabu.

Kisha nenda kwenye wingu la mfiwa. "Unadhani yeye alikuwa anafikiri nini?" Asipojua, usimwache ababaike kama yuko kwenye mtihani. Wewe unajua, mwandikie: "Mume wangu harudi tena. Leo siwezi kufikiri jambo jingine." Muulize achague rangi ya wingu hilo. Akishaichagua, choreni picha ya pili, mahali palepale, watu walewale. Kwenye puto la mdomo andikeni "Pole, mama." Na juu ya kichwa chake wingu la kodi libaki vilevile. Mwonyeshe kwa kidole: wazo lako liko hapa, halijafutwa, ni zuri, ila leo limebaki winguni, halijashuka mdomoni. Kwa watoto wa aina yake, kuambiwa "usiseme hivyo" husikika kama "usifikiri hivyo", na huo ni mzigo mkubwa kwa mtoto. Kwenye picha anaona kwamba ni vitu viwili.

Yale majibu ya "sijui" usiyachukulie kama ukaidi. Karibu nusu ya watu wenye usonji wana hali ambayo wataalamu huiita aleksithimia: mtu anahisi, mwili wake unajua, lakini hapati jina la anachokihisi. Utafiti wa London uliochapishwa 2013 ulikuta kwamba hali hiyo, kuliko usonji wenyewe, ndiyo inayoendana na ugumu wa kutambua hisia kwenye nyuso za wengine. Kwa maneno mengine, njia ya kuzijua huzuni za watu inapitia kwenye huzuni yake mwenyewe. Kwa hiyo badala ya "unajisikiaje?", uliza mwili. Koo limekaza? Tumbo linauma? Mikono inataka kufanya nini? Usiku ule mikono ilitaka visoda, na nadhani visoda ndivyo vilivyomtuliza. Siku nyingine mwache amalize kabla hujazima taa, au keti naye mpange wote, halafu umwambie: "Mimi leo koo lilikaza pale msibani. Nadhani ilikuwa huzuni, na aibu kidogo." Na nyumbani mseme hisia zenu kwa sauti, pamoja na sababu zake: "Nimekunja uso kwa sababu maji yamekatika, sijakukasirikia wewe." Ile njia nzima mliyokwenda bila kusema naye, yeye hakuwa na namna ya kujua kama umekasirika, umechoka au unaumwa. Kama hukumweleza bado, mweleze sasa.

Sasa baba yake. Bakora itamfundisha kwamba msibani kuna kupigwa. Haitamfundisha mfiwa anafikiri nini, kwa sababu bakora haina maelezo ndani yake. Atanyamaza, ndiyo, na nyumba itapata amani, lakini atakuwa amenyamaza kwa hofu huku haelewi lolote zaidi ya jana. Ningemwomba baba kazi ambayo wewe huiwezi. Miaka michache ijayo kijana huyu hataketi tena na wanawake. Ataketi na wanaume nje, atasikia utani wa watani, atatumwa, atadanganywa na wenzake ili wacheke. Nani atamweleza huyu anatania na huyu anatukana? Baba aanze sasa kukaa naye barazani na kumnong'oneza. Mwonyeshe baba ile picha ya mawingu. Wanaume wengi waliosema "amedekezwa" hulegea wakisoma kwa macho yao kile mtoto alichokuwa akifikiri.

Wifi yako usimjibu kwa kanga, nakuomba. Nenda kwake siku tulivu, peke yako, na umweleze alichouliza mtoto na kwa nini usiku hakula. Kama hatakubali, basi. Umeshasema, na mwanao asiachwe naye mpaka aache kusema lile neno. Watoto hawa wanasikia. Akisikia mara nyingi kwamba hana moyo, ataamini, kwa kuwa yeye huamini maneno kama yalivyo.

Na kwa mfiwa rudini. Usimlazimishe mtoto kuomba msamaha kwa kosa ambalo hajalielewa. Baada ya picha, mwambie kwamba mama yule yuko eda, hatoki, na muulize angependa kumpelekea nini. Unaweza kumpa bahasha ya rambirambi aikabidhi yeye, na neno moja tu, "pole". Wewe mweleze mfiwa faragha kwamba mtoto aliogopa kwamba watafukuzwa. Sitashangaa akikuambia hilo ndilo linalomkosesha usingizi, na kwamba hakuna mwingine aliyemuuliza.

Kuhusu yale mafunzo ya nyuso: usikope. Mwaka 2014 ilitoka tathmini ya Cochrane, shirika la kimataifa linalokusanya tafiti za tiba na kuzipima pamoja, ikiangalia tafiti 22 zenye washiriki 695 kuhusu mafunzo ya namna hii. Walichokuta ni kwamba mtu mwenye usonji anaweza kufundishwa, kwa mfano, kutambua hisia kwenye picha. Ushahidi kwamba anabaki nacho kwa muda mrefu, au kwamba anakitumia nje ya chumba cha mafunzo, ulikuwa haba. Mwanao anaweza kutaja picha zote za kompyuta na bado asijue uso wa mjomba wake unasemaje jarife likipanda tupu. Ajifunze kwa uso wa mjomba. Siku wanapokwenda ufukweni, mjomba aseme: "Niangalie, leo nimekata tamaa, ndiyo maana siongei." Haina ada.

Popote utakapompeleka, mbele ya safari, kuna kipimo kimoja ninachokuomba ushike. Wakianza kumlazimisha kutazama watu machoni, kutabasamu kwa amri, kuificha mikono yake isipange vitu, mtoe. Watu wazima wenye usonji wametueleza waziwazi kwamba kuigiza siku nzima ili waonekane kama wengine kunawachosha vibaya sana, na tafiti zimekuta kuigiza huko kunaendana na mawazo ya kutaka kujiua. Kumfundisha aelewe watu ni jambo moja. Kumfundisha ajifiche ni jambo jingine kabisa, na mara nyingi ada ni ile ile.

Limebaki la harusi. Mpeleke, lakini umwandae. Mwandikie ukurasa mmoja kwa sauti yake yeye: nani atakuwepo, wataanza na nini, wataishia na nini. Usiishie kwenye ratiba, andika na yale yatakayomchanganya. "Bi harusi anaweza kulia. Bibi naye anaweza kulia. Watu hulia harusini wakiwa na furaha na huzuni kwa pamoja, kwa sababu bi harusi anahama nyumbani. Si lazima niulize nani amekufa." "Wanawake watapiga vigelegele, vitakuwa na kelele." "Watu watamtunza mwimbaji fedha, hawamlipi deni." Someni kila jioni wiki nzima kabla ya siku. Msikae karibu na spika. Muwe na ishara ya mkono ya kukuambia amechoka, na mjomba wake ajue mapema kwamba ishara hiyo ikitolewa yeye ndiye wa kumchukua, palepale, bila maswali na bila kumwambia "subiri kidogo". Akikaa mpaka nikahi tu akaondoka, amehudhuria harusi ya mama yake mdogo, na ndugu waambiwe hivyo.